Shibiri Moja ya Jua

Simu yangu ina milio miwili. Mmoja ni wa watu, ule ule niliotoka nao dukani. Wa pili ni kengele fupi, kama ya baiskeli, na huo ni wa nyota zinazokufa. Ukilia darasani, wanafunzi wangu wa kidato cha nne husimamisha kalamu, na yule mmoja asiyejua kukaa kimya huuliza, "Mwalimu, kuna msiba angani?" Namwambia ndiyo, kuna msiba, kaa chini uandike. Wanacheka. Zamani na mimi nilikuwa nacheka nao.

Nafundisha fizikia huku Kihonda, kwenye shule iliyobanwa kati ya viwanda vidogo na nyumba ambazo kila mwaka zinaanzwa na haziishi. Nina hasira za karibu, hilo sifichi, hata wazazi wa wanafunzi wanaonyana. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mpaka mkunga akauliza huyu kakosewa na nani.

Niseme mapema, nisije nikaonekana natega watu. Hii ni habari ya jinsi mama alivyoningoja na mimi nikachelewa. Sikuchelewa kwa mvua, wala kwa gari kuharibika, wala kwa kunyimwa ruhusa kazini. Nilichelewa nikiwa na akili zangu timamu, nikijiona najua.

Ile kengele niliipata kwenye semina ya walimu wa sayansi kule Dodoma. Mhadhiri mmoja alituonyesha namna ya kujiandikisha ili simu ipokee taarifa moja kwa moja kutoka kwenye darubini iliyoko angani. Wenzangu wengi waliifuta siku ya pili, maana inalia bila mpangilio, hata ukiwa msalani. Mimi niliiacha. Nilipenda kujua kwamba wakati nimekaa nasahihisha madaftari, nikigombana kimoyomoyo na watu wasioandika vizio kwenye majibu yao, kuna nyota imemaliza safari yake na mimi ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuambiwa.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Nyota kubwa mno, nzito kuliko jua letu mara nyingi, ikiishiwa kuni zake huporomoka kwa ndani. Baadhi yao katika kuporomoka huko hufyatua miale ya gama, mwanga wenye nguvu kuliko wote tunaoujua, ambao jicho haliuoni. Inachukua sekunde kadhaa, pengine dakika. Ipo pia milipuko mifupi zaidi, haifiki sekunde mbili, ambayo hutokea mizoga miwili ya nyota ikigongana. Mambo haya yako mbali kiasi kwamba miale yenyewe mara nyingi imesafiri mabilioni ya miaka kabla ya kutufikia, na ikifika hewa yetu inaizuia. Panda kilele cha Uluguru na darubini kubwa kuliko nyumba, hutaona kitu. Ndiyo maana chombo cha kuikamata kimepelekwa juu ya hewa, kinaizunguka dunia, kinatazama kipande kikubwa cha anga kwa mpigo mmoja, kinangoja.

Tatizo ni kwamba miale ya gama haikusanyiki kwa kioo wala lenzi ya kawaida. Inapenya tu na kwenda zake. Sasa utajuaje imetoka upande gani? Hapo ndipo wanafunzi wangu hukwama, na hapo ndipo mama yangu, aliyeishia darasa la nne, hakukwama.

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye mikarafuu na migomba. Jiko la mama lilikuwa kijumba cha udongo pembeni mwa nyumba, na bati zake zilikuwa za mtumba, zilitoka kwenye ghala lililobomolewa, zimejaa matundu ya misumari ya zamani. Hayavuji sana, maana msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati. Lakini jua likiwaka yalikuwa yanamwaga sakafuni vidoa vya mwanga, vya duara, kila mahali. Tundu moja katikati ya paa lilikuwa kubwa kuliko mengine, na kidoa chake ndicho kilikuwa saa ya mama. Asubuhi kilikaa ukutani upande wa mtungi. Saa sita kilikuwa juu ya mafiga. Alasiri kilitambaa kuelekea mlangoni, na kikigusa kizingiti mama alijua karafuu zianuliwe.

Nilipopata mshahara wa kwanza nikamwambia nabadilisha bati. Akakataa katakata, akaniuliza sasa yeye atajuaje saa. Nikamnunulia saa ya ukutani. Akaitundika sebuleni kwa heshima zote, betri ikaisha, hakuiulizia tena.

Basi likizo moja nikawa namweleza. Nikamwambia kile chombo kimewekewa dari ya vigae vidogo vya risasi, maelfu, vimepangwa na kuachiwa nafasi bila utaratibu unaojirudia. Miale ikija, mingine inapita kwenye nafasi na mingine inazuiwa na vigae. Chini ya dari kuna sakafu inayohisi miale, kwa hiyo sakafuni panatokea kivuli chenye madoa. Kompyuta iliyomo ndani inatazama kivuli kimeangukia wapi, na kwa sekunde chache imeshajua mlipuko umetoka upande gani wa anga. Sikuwa nimemaliza. Mama akanyoosha mwiko, akaonyesha sakafu yake, akasema kumbe na hao wazungu wako wameezeka bati la mtumba. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona kwamba ndivyo ilivyo hasa. Tangu siku hiyo nafundisha kwa kipande cha bati na msumari.

Likizo hiyo hiyo nilitaka vipimo vya darasani. Nikachukua mkaa, nikazungushia kidoa pale kilipo, nikangoja kwa saa ya simu, nikazungushia tena, nikapima kwa shibiri, vidole vimetanuliwa kutoka gumba hadi cha mwisho. Adhuhuri kinakwenda polepole. Kufikia saa tisa kinakimbia, shibiri moja kwa dakika kumi hivi. Mama alikuwa akiruka maduara yangu na sufuria mkononi, akilalamika kwamba nimemharibia sakafu aliyoisiriba juzi tu. Lakini hakuyafuta, yalifutika yenyewe kwa miguu ya watu.

Ndiyo siku aliyoniuliza, baada ya kujua pa kutazama, chombo kinafanya nini. Nikamwambia kinajigeuza chenyewe. Hakiombi ruhusa kwa mtu yeyote wa duniani. Kimebeba darubini nyingine mbili, moja ya eksirei na moja ya mwanga wa karibu na huu tunaouona, na ndani ya dakika moja au mbili kimeshazielekeza pale. Haraka yote hiyo ni kwa sababu mlipuko ukipita unaacha mwanga unaofifia, na unafifia upesi. Ukichelewa hukuti kitu. Hapo hapo kinatuma taarifa huku chini, darubini za nchi mbalimbali nazo zinageuka, na simu yangu inalia.

"Na kikigeuka kikakuta hakuna kitu?" mama akauliza.

Nikamwambia hutokea. Chembechembe zimekipiga, au ni kelele za mitambo yake. Basi kinarudi kilikokuwa kikitazama, kinangoja tena.

"Hakinuni?"

"Hakinuni, mama."

"Basi kina adabu kuliko wewe."

Alikuwa na lake rohoni. Miezi michache kabla ya hapo mjomba, ndugu wa mama, alikuwa amenipigia kuniambia mama anaumwa. Nilitoka mjini kama mwehu. Nilimpigia kelele dereva wa bodaboda kutoka Mkuyuni hadi juu, nikafika nahema, nikamkuta mama amekaa kibarazani anamenya maharage. Kizunguzungu kilikuwa kimempata asubuhi, kikapita. Akafurahi kuniona, akaniuliza mbona nimekonda. Mimi badala ya kushukuru nikawaka. Nikasema nimeacha watoto wa watu wana mtihani, nikasema huu ndio ushamba, nikamgeukia mjomba, mtu mzima aliyenilea, nikamwambia siku nyingine asinipigie mpaka kuwe na jambo la kweli. Mjomba akasema sawa, mpwa wangu. Mama akaendelea na maharage yake.

Ndivyo nilivyowafunga mdomo mwenyewe.

Sasa kuna jambo lingine ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akifariki utapigiwa uambiwe anaumwa. Ukiambiwa anaumwa, njoo, na mwenzako mwambie, basi ujue. Na hutakiwi kuuliza. Ukiuliza unamweka mwenzako pabaya, ama akudanganye waziwazi, ama akuangushe peke yako barabarani. Baba alipofariki niliambiwa presha imempanda kidogo. Babu naye aliambiwa wajukuu wanataka kumwona. Ni huruma, sikatai, na watu wengi imewafikisha nyumbani salama. Tumeizoea mpaka neno "anaumwa" likisemwa kwa sauti ya chini halina tena maana ya kuumwa.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tisa, karafuu zinaanikwa. Mama alikuwa ametoka hospitali mjini mwezi mmoja kabla. Moyo wake ulikuwa umechoka, ndivyo tulivyoambiwa, na dawa zingemsaidia kwa kiasi tu. Nilimwomba akae kwangu Kihonda, akakataa, akasema kwangu hakuna anachokitambua. Alitaka jikoni kwake, kwenye joto. Kitanda chake cha kamba kikahamishiwa humo, na mke wa mjomba akawa anashinda na kulala naye. Nilimwandikia maelekezo ya dawa kwa herufi kubwa, nikambandikia ukutani.

Saa tatu asubuhi, niko darasani, simu ikalia. Mlio wa watu. Nikatoka nje. Alikuwa mjomba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mama yako anaumwa. Njoo leo. Na mdogo wako mwambie."

Nyuma yake nilisikia wanawake, wengi, wanasemezana wote kwa pamoja. Sikumuuliza kitu. Nikamwambia sawa mjomba, nakuja. Simu ikakatika.

Nilisimama pale koridoni nikapiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nilikwisha kumwambia asinipigie mpaka kuwe na jambo la kweli. Ametaja na mdogo wangu. Sauti ni ya chini. Wanawake wameshakusanyika. Nikajumlisha. Na juu ya yote hayo nilikuwa na somo langu mwenyewe, ninalolirudia kila mwaka mbele ya vijana: kila mnachokiona angani ni habari ya zamani, ikikufikia jambo limeshakwisha, huwezi kulizuia wala kuliwahi. Nikasema mama kashatangulia. Sina cha kuwahi. Kilichobaki ni kumzika vizuri.

Mama alikuwa hai. Saa tatu ile alikuwa hai, ameegemea mto, ameomba uji.

Nikaingia chumba cha vifaa vya maabara nikalia. Kisha nikanawa uso nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamwambia nimefiwa na mama. Walimu wakakusanyika, mmoja mmoja wakanishika mkono. Nikapokea pole za mtu ambaye wakati huo alikuwa anapoza uji wake.

Nikampigia mdogo wangu. Yeye anauza vitunguu Dumila, pale barabara zinapokutana. Na mimi nikamwambia vilevile, kama ada: mama anaumwa, njoo tuondoke pamoja. Akasema nafunga meza nakuja. Hakuuliza. Ningekuwa nimemwambia ukweli wa kile nilichosikia, neno kwa neno, pengine yeye angeuliza. Ana akili tulivu kuliko mimi. Lakini nilimpa maneno yale na sauti ile, akajumlisha kama nilivyojumlisha.

Kumngoja yeye kulichukua saa nyingi. Alisimama Dakawa kuchukua gunia la mchele, kwa ajili ya watu watakaokuja kutuzikia mama. Kutoka hapo akanipigia, mpunga mpya haujakobolewa, asubiri au achukue mchele wa zamani? Nikamwambia asubiri. Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Nilitamka maneno hayo kwa mdomo wangu.

Mimi nilikuwa sokoni mjini natafuta sanda. Kitambaa cha kwanza kilikuwa chepesi, ukiweka mkono chini unauona. Nikamwambia muuzaji mama yangu havikwi chandarua. Akaleta kingine. Nikakinyoosha, nikasema kimepunjwa, akaapa hakijapunjwa, tukapima upya, nikasema apime tena. Watu wakawa wanatutazama. Kumbe hasira ile ilikuwa kilio, lakini kilitoka na sura ya kugombana, kama kawaida yangu. Nilibishana na yule baba kwa zaidi ya nusu saa. Nikanunua na ubani, na pamba, na karafuu maiti.

Niko pale dukani, mikono imejaa, ile kengele ikalia mkobani. Kule juu mlipuko ulikuwa umekamatwa, na kabla sijafungua zipu ya mkoba chombo kilikuwa kimeshaanza kugeuka. Hakijui ni nyota kweli au ni kelele. Kinageuka kwanza. Niliitazama ile taarifa, nikairudisha simu mkobani, nikaendelea kuhesabu pande za sanda.

Tulitoka mjini baada ya saa saba. Tulikodi gari hadi Mkuyuni. Njiani mdogo wangu alitazama dirishani tu, mara mbili akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Mkuyuni tulipokuwa tunafunga gunia nyuma ya bodaboda, mama mmoja muuza ndizi anayetufahamu akasogea akauliza, "Mama anaendeleaje?" Tukatazamana, mimi na mdogo wangu. Tukaona huyu naye anatuficha, mwungwana. Tukamjibu anaendelea hivyo hivyo. Akasema Mungu atamjalia. Tukapanda.

Hata hapo sikushtuka. Msiba wa juu hufika Mkuyuni kabla ya chai kupoa. Mtu yeyote mwenye macho angejiuliza mbona hapa hakuna anayetupa pole.

Mjomba tulikutana naye kwenye kona ya mwisho, chini kidogo ya nyumba. Alikuwa anakuja upande wetu kwa haraka, simu mkononi, anaelekea kwenye jiwe ambako mtandao hushika. Alipotuona akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu, akalitazama gunia. Kisha akautazama mfuko wangu, kitambaa cheupe kimechungulia juu.

Nikashuka nikamwamkia. Hakuitikia. Katika maisha yangu yote mjomba hajawahi kuacha kuitikia shikamoo yangu.

"Nani kawaambia?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Amefariki sasa hivi. Ndiyo nakwenda kuwapigia. Nani kawaambia?"

Mdogo wangu akasema inna lillahi, akakaa chini pale pale njiani. Mimi nikabaki nimesimama na mfuko wangu. Nikamwambia mjomba, lakini ulinipigia asubuhi.

"Nilikwambia anaumwa," akasema. "Alikuwa anaumwa. Nilikwambia kama nilivyoona."

Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Ningefurahi angenilaumu. Zile sauti za wanawake, aliniambia siku nyingine nilipomuuliza, zilikuwa za akina mama wanaoshuka gulioni, walimkuta kwenye lile jiwe wakawa wanamsalimu. Na mama ndiye aliyemtuma. Alimwambia waite wanangu, leo nahisi. Mjomba akasita, akamkumbusha nilivyowaka mara ile. Mama akamwambia mpigie tu, atanuna kisha atakuja.

Mchele wa Dakawa uliliwa siku tatu, watu wakausifu. Sanda ilitosha na ikawa nzito kama nilivyotaka. Nilimwosha mama mwenyewe pamoja na mke wa mjomba na wanawake wengine wawili. Watu walisema tulijipanga vizuri kuliko misiba mingi, hakuna kilichopungua, na kila aliyesema hivyo nilitamani nimfukuze uani. Mdogo wangu hajaniuliza mpaka leo niliambiwa nini hasa kwenye simu. Anajua. Ananipigia kila Ijumaa, tunaongea bei ya vitunguu.

Ile kengele sikuizima. Ikilia, mwili unaruka kabla ya akili, nasimama hata kama nimeketi na wageni. Na ndugu yeyote akiniambia kwenye simu fulani anaumwa, siku hizi namuuliza palepale, bila haya, yuko hai? Wananiona nimekosa adabu. Shangazi mmoja alinikatia simu. Sijali, nauliza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Nirudi jikoni.

Nilimwacha mjomba njiani nikapanda kimbiokimbio, nikapita uani kati ya mikeka ya karafuu, nikaingia. Siku ile hakukuwa na wingu, jambo la nadra kwetu. Kitanda kilikuwa upande wa mtungi, na juu yake kanga ya mama ilikuwa imevutwa mpaka juu. Sikuweza kutazama pale. Nikatazama chini.

Sakafuni kulikuwa na maduara ya mkaa. La kwanza kwenye mafiga, kisha jingine, na jingine, yamefuatana kuelekea mlangoni.

Mke wa mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kipande cha mkaa bado kiko mkononi, vidole vyeusi. Akaniambia bila kuinua uso. Tangu mjomba alipoleta jibu kwamba nimesema nakuja, mama alipiga hesabu yake. Alisema saa tatu ameambiwa, kwa jinsi anavyowagombeza madereva, jua likifika kwenye mafiga atakuwa hapa. Likafika kwenye mafiga. Akamwambia wifi yake azungushie, kisha akasema labda gari limechelewa kujaa. Baada ya hapo kila alipofumbua macho aliuliza jua limefika wapi, na kila alipoambiwa alisema zungushia. Hakulalamika. Uji wa pili aliukataa, akasema atakunywa na mimi.

Duara la mwisho lilikuwa karibu na kizingiti. Nikamuuliza hapo alisemaje.

Akajifuta vidole kwenye kanga.

"Alisema, weka na hapo. Akija atataka kupima."

Baada ya neno hilo hakuongea tena. Mke wa mjomba alimaliza kuzungusha mkaa, akainuka, akamkuta ameshatulia.

Kidoa kilikuwa kimeshatoka ndani ya lile duara, kimesogea mbele kidogo. Nikauchukua ule mkaa. Nikapiga magoti, nikazungushia kidoa pale kilipokuwa, nikatanua vidole vyangu kutoka duara lake hadi langu.

Shibiri moja.